Siku Mchwa Walipovunja Kundi

Sehemu ya kumi na nne

Wiki iliyopita uliniacha nyuma ya jiko langu la uji, simu ya kaka yangu Luka mkononi, kioo chake kimegeuka cheupe ghafla baada ya siku arobaini za weusi. Najua ulitaka kujua kimeandika nini. Haya, soma na wewe.

SISI MCHWA TUMEVUNJA KUNDI. JUMAMOSI SAA NANE MCHANA KILA KITU KITAZIMWA. MSITUTAFUTE.

Basi. Niligusa kioo. Nikazima, nikawasha. Maneno yale yale.

Kama wewe ni mgeni hapa, shika haya machache twende pamoja. Mchwa ni wadukuzi. Hakuna aliyewahi kuwaona sura. Waliingia kwenye simu za watu kuanzia Kahama mpaka Chato, wakazifunga zote kwa siku moja. Walisema wanawasaka wanunuzi wa dhahabu wenye mizani ya uongo. Lakini mchwa akishaingia nyumbani hachagui nguzo. Wakubwa walifungwa, na sisi wadogo tukafungwa nao. Wakaahidi kwamba ikifika siku ya arobaini wanyonge wote watafunguliwa.

Simu ya Luka ina kitu kimoja tu cha maana. Video ya dakika mbili. Luka yuko mdomoni mwa duara letu la Bugulumbi, shimo la kuchimbia dhahabu, anamwambia msimamizi, Donatus, kwamba matimba ya chini, magogo yanayoshikilia kuta, yameoza. Donatus anamjibu kwa kicheko, "Shuka. Timba si mkeo, useme limekuchoka."

Siku ya pili yake duara likatitia. Watu wawili wakafia ndani. Luka alikuwa juu, anakunywa uji kwangu, na hilo nalo likahesabiwa kosa. Donatus akasema Luka ndiye aliyeng'oa matimba akayauze. Polisi wakamchukua. Kabla hawajamfunga pingu alinipenyezea simu mkononi akasema, "Mbuke, tazama video ya mwisho." Nikaitazama. Nikiwa bado naitazama, kioo kikawa cheusi. Mchwa.

Jumatatu Luka anasimama mbele ya hakimu. Mpelelezi aliniambia kwa upole tu, "Binti, simu iliyofungwa haisemi. Ikifunguka, ilete." Na Donatus anajua video ipo. Alimwona Luka akiinua simu.

Sasa tuendelee. Ilikuwa Alhamisi.

"Mama! Mama, njoo!"

Mama alitoka ndani mikono ina unga. "Nini? Wamefungua?"

"Wameandika."

"Soma."

Nikasoma.

"Soma tena. Polepole."

Nikasoma tena.

"Wamekufa?"

"Hawajafa, Mama. Wameacha. Wamevunja kundi."

"Wameacha." Akajifuta mikono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja. "Sasa na yetu wameiacha wapi?"

Nikainama tena kwenye kioo. Kabla sijamjibu, karasha ya jirani ikanyamaza. Hapa Bugulumbi karasha inayosaga mawe hainyamazi mchana, ila kwa msiba. Tukatoka mbio.

Haukuwa msiba. Watu walikuwa wanagonga makarai. Dorah, muuza mitumba, alikuwa amepanda juu ya marobota yake anapiga vigelegele.

"Mchwa kwisha! Mungu si Athumani! Mchwa kwisha!"

"Shuka wewe, utavunjika kiuno," mtu akamwambia.

"Kivunjike! Siku arobaini sijaona hata picha ya gauni la kumwonyesha mteja! Nacheza!"

Pembeni, kwenye benchi la kahawa, vijana wa kubeba mawe walikuwa wamekaa kama wafiwa. Mmoja wao, Enock, alikuwa ameinamisha kichwa.

"Na wewe vipi?" Dorah akamrukia. "Simu yako si ilifungwa?"

"Ilifungwa."

"Sasa unamlilia aliyekufunga?"

"Ya tajiri nayo ilifungwa, dada Dorah. Siku arobaini tumekuwa sawa. Tangu nizaliwe sijawahi kuwa sawa na tajiri." Akamwaga kahawa chini. "Jumamosi anarudi kuwa tajiri, mimi narudi kuwa Enock."

Wakacheka. Yeye hakucheka.

Kwenye duka la jirani redio ilikuwa imefunguliwa sauti ya juu. Mtangazaji alikuwa anauliza eneo zima: Mchwa wamevunja kundi, umefurahi au umehuzunika? Watu walikuwa wanapiga kwa simu za kuazima.

"Haloo, Wiliam hapa, Chato. Siku za mwizi arobaini! Wamezihesabu wenyewe wakakimbia! Ha!"

"Haloo, naomba nisitaje jina, niko Shinyanga mjini. Mimi nasikitika. Tangu simu ifungwe mke wangu hajaniuliza niko wapi."

"Haloo, Bwana asifiwe. Sisi tulifunga kwa maombi siku saba. Wasiseme wamevunja kundi. Wamevunjwa!"

Watu dukani wakapiga makofi. Kisha ikaja sauti ya mwanamke, ya chini.

"Naitwa Serafina. Napiga kutoka Kahama. Mwanangu alifariki mwaka jana. Picha yake ninayo moja, iko kwenye simu iliyofungwa. Wewe unauliza nimefurahi au nimehuzunika. Mimi nauliza wakiondoka, ufunguo anabaki nao nani?"

Mtangazaji akakohoa. Akaweka muziki.

Dukani hakuna aliyepiga makofi. Nikajiona si peke yangu, na hilo halikunisaidia kitu.

Nikaenda kwa Cornel. Cornel ni fundi simu, alikuja na bisibisi zake kutoka Kahama, ana kibanda cha mabati karibu na soko. Wiki za nyuma ulimwona akijaribu kuifungua simu hii usiku na mchana, akashindwa, akaniambia ukweli bila kunizungusha. Ndiyo maana namwamini.

"Kila kitu kitazimwa. Ni nini hicho, Cornel?"

"Sijui."

"Kisia."

"Mbuke, kuna makundi yakivunjika yanaachia funguo, simu zote zinafunguka zenyewe. Kuna mengine yanaondoka na funguo, ndiyo basi, milele."

"Hawa wa aina gani?"

"Ningejua nisingekuwa nauza makava." Akavua miwani. "Sikiliza. Jumamosi ikikaribia saa nane, simu iwe na chaji. Iwe na mtandao. Iwe mkononi mwako. Ikifunguka, hapo hapo itume video kwa watu watatu. Usingoje kushangilia."

"Watu watatu."

"Mimi, wewe mwenyewe kwenye kisimu cha mama yako kama kinapokea, na mpelelezi. Mkononi mwako, umesikia?"

"Nimesikia."

Niliondoka na nguvu kidogo. Nguvu hizo zilidumu mpaka nilipofika nyumbani. Mlangoni nilikuta viatu vya mzee Bujiku.

Bujiku unamkumbuka: muuza dagaa mwenye sauti ya tarumbeta. Zamani alikuwa manju, kiongozi wa kundi la ngoma, na mpaka leo akisema neno hulisema kana kwamba uwanja mzima unamsikiliza. Mama alicheza kwenye kundi lake akiwa msichana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Kaa. Nimesikia hawa watoto wameandika ati wamevunja kundi."

"Ndiyo."

"Uongo. Kundi halivunjwi kwa kuandika." Akainua kidole. "Kundi langu lilivunjika mwaka ule wa mvua kubwa. Nilisimama uwanjani mchana kweupe. Nikaweka ngoma chini. Kila tulichokuwa tumekishika cha mtu, kikarudi kwa mwenyewe. Mama Luka, nimesema uongo?"

"Hujasema uongo," Mama akajibu. "Mimi nilirudishiwa shanga zangu. Zote. Hata ile iliyokatika."

"Umeona? Manju asipofanya hivyo, kile alichokishika kinamla. Na hawa Mchwa wanalijua hilo, maana ni watoto wa huku huku. Wangekuwa hawajui wangetaja saa ya nini? Mtu anayetaja saa anataka watu waje. Wamesahau tu kutaja mahali."

"Baba, wale wako kwenye mitandao," nikasema. "Huenda hata hawako Tanzania."

"Bebe, wewe! Mtu hata akikaa kwenye mitandao, ana kwao." Akamwita mpangaji wetu, mgeni ambaye simu yake haikufungwa, amrekodie, akavuta pumzi. "Mchwa! Mimi Bujiku, manju. Jumamosi saa nane njooni uwanja wa Bugulumbi, karibu na Geita. Wekeni ngoma chini mbele ya watu. Rudisheni vya watu. Hatutawagusa. Chakula kipo."

Sauti hiyo ikatumwa.

Wewe unayesoma unaweza kucheka. Mimi pia nilitaka kucheka. Lakini kufikia Ijumaa mchana sauti ya Bujiku ilikuwa imefika Kalangalala, imefika Kahama, imechezwa redioni mara tatu. Na watu waliokuwa hawana pa kushika wakashika hapo.

Jumamosi walikuja. Walikuja kwa fuso, kwa pikipiki watu watatu watatu, kwa miguu. Wanawake wenye simu zimefungwa kwenye leso. Wazee wenye simu za wajukuu. Kufikia saa sita uwanja wa mpira ulikuwa hauonekani majani.

Mama alikuwa ametandika mikeka katikati. Kiti kimoja cha plastiki kikawekwa mbele, kipya, hakijatolewa karatasi. Cha mgeni.

"Simu zote mikekani!" Bujiku akatangaza. "Kila moja ibandikwe jina la mwenyewe, wasije wakachanganya wakati wa kurudisha. Nani ana mwandiko?"

"Mbuke!" wakasema majirani. "Mbuke alimaliza la saba, mwandiko wake unasomeka na kipofu."

Nikapewa kalamu na karatasi za gundi. Nikaandika. Mtu anakuja, anataja jina, nabandika, analaza simu yake mkekani taratibu kama analaza mtoto. Niliandika mpaka vidole vikakakamaa.

"Serafina," akasema mwanamke mmoja mwembamba. "Natoka Kahama."

Nikainua macho. "Wewe ndiye wa redioni?"

"Ndiye mimi."

"Unaamini watakuja?"

"Siamini, dada. Lakini nikikaa nyumbani wakaja, je?"

Nikabandika jina lake. Akailaza ya kwake mstari wa tatu, akasimama hapo hapo.

Ya Luka ilikuwa kifuani kwangu, ndani ya gauni. Ina chaji. Ina mtandao. Nilikuwa nalisikia joto lake. Saa nane kasoro dakika ishirini Mama akanijia.

"Ya kaka yako iko wapi?"

"Ninayo, Mama."

"Weka."

"Mama, Cornel amesema niishike mwenyewe, iki..."

"Cornel kazaliwa lini?" Hakupandisha sauti. Mama hapandishi sauti, ndiyo shida yake. "Watu wote hawa wameweka. Wale wakija wakaona nyumba iliyowaita ndiyo imeficha ya kwake, wakageuka wakaondoka na za watu wote, utawajibu nini hawa?"

Waliokuwa karibu wakageuka. Macho yakawa mengi.

"Binti, usituharibie," mzee mmoja akasema.

"Sisi tumetoka Chato, mama, tumeweka," akasema mwingine.

"Unadhani ni wewe tu mwenye shida?"

Serafina alikuwa kando ya simu yake. Alinitazama tu.

Ningeweza kukimbia. Nimejiuliza mara nyingi tangu siku ile kwa nini sikukimbia. Lakini mkono ulikuwa wa Mama, umenyooshwa mbele yangu, kiganja juu, mbele za watu. Ungemfanyaje mama yako?

Nikatoa simu. Nikaandika LUKA MAGANGA, herufi kubwa, safi. Nikailaza mstari wa tatu, kando ya ya Serafina. Nikasimama hatua moja tu kutoka hapo. Nikajisemea, hatua moja si mbali.

Saa nane kasoro robo Bujiku akaanza kupiga ngoma na kuimba, anawaita. Watu wakaitikia. Mara nyuma kukawa na zogo, umati ukapasuka katikati, na mwanamume mmoja akaingia akikokota baiskeli, amebeba ndoo.

"Wamekuja!"

"Mpisheni!"

"Karibu, kiongozi! Kaa kitini!"

Mtu yule akasimama, macho yamemtoka. "Mimi?"

"Wewe! Usiogope, manju amesema hamtaguswa!"

"Mimi Marwa! Nauza mayai ya kuchemsha!"

"Ndivyo ambavyo angesema," mzee wa Chato akanong'ona.

Wakamfungulia ndoo. Mayai. Na kachumbari kwenye kopo. Uwanja mzima ukacheka, kicheko cha watu ambao hawajacheka muda mrefu, na hata mimi nilicheka. Marwa akauza mayai yote kwa dakika tano.

Tulikuwa bado tunacheka vumbi lilipoonekana barabarani.

Magari mawili. Safari hii hakuna aliyesema karibu.

Askari walishuka haraka, wakauzunguka uwanja. Mkuu wao akasimama kando ya kile kiti kipya.

"Mkutano huu una kibali?"

Watu wakamgeukia Bujiku.

"Tumepata taarifa wadukuzi wanakutana hapa kuagana."

"Ndiyo, afande!" Bujiku akaitika kwa furaha. "Hata sisi tunawasubiri!"

"Mnawasubiri."

"Ndiyo. Saa nane."

Afande akatoa simu yake, akabonyeza. Sauti ya Bujiku ikajaa uwanja: Hatutawagusa. Chakula kipo.

"Hii sauti ya nani?"

"Yangu kabisa," akasema Bujiku, kifua mbele.

Wakamfunga pingu. Alikuwa bado anatabasamu, akidhani ni utaratibu wa kumkabidhi kwa wageni.

"Simu zote hizi ni vielelezo," afande akasema. "Zikusanywe. Msimamizi, tusaidie, wewe unawajua watu wako."

Mlango wa gari la pili ukafunguka. Akashuka Donatus, gunia begani.

Nilijua amefuata nini. Nikaenda mbele. Askari wa kike akanizuia kwa mkono.

"Nyuma, dada."

"Afande, ile pale ni ya kaka yangu. Ina ushahidi. Jumatatu ana kesi."

"Kila mtu hapa simu yake ina kitu. Utaipata kituoni."

"Lini?"

"Utaitwa."

"Muulizeni mpelelezi! Alisema niilete! Huyu mwenye gunia ndiye..."

"Nimesema nyuma."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na umri wangu. Alikuwa amechoka, na mbele yake wanawake mia walikuwa wanasema maneno kama yangu kwa pamoja, kila mmoja na simu yake, kila mmoja na kesi yake. Sauti yangu ilikuwa moja kati ya hizo. Nani angeichagua?

Donatus alianza mstari wa kwanza. Anainama, anaokota, anatia guniani. Anainama, anaokota. Hakuwa na haraka. Mstari wa pili. Naona kila anachofanya, siwezi kufanya lolote.

Mstari wa tatu akapunguza mwendo. Alikuwa anasoma majina.

Akasimama.

Akaokota moja. Akaitazama. Kisha akainua uso akanitafuta kwenye umati, akanipata upesi sana.

"Nani ameandika vizuri hivi?" akauliza kwa sauti ya kusifia.

Akaigeuza simu ile mkononi.

"Kweli serikali inasomesha." Gunia akalikunja mdomo, akalikabidhi kwa askari. Ile moja ikabaki mkononi mwake.

"Hajaitia!" nikapiga kelele. "Hiyo hajaitia guniani! Mama! Mtazameni!"

Mama alikuwa ng'ambo ya pili, anawabembeleza waliomshika Bujiku. Alinigeukia, akaona mkono wa Donatus, akaelewa. Nilimwona akiweka mikono kichwani.

"Afande! Hajaitia!"

Afande akageuka kunisikiliza. Naapa aligeuka. Alifungua mdomo kuniuliza, "Ipi?"

Na hapo hapo ikatimia saa nane.

Kwanza ilitetemeka moja, mkekani. Kisha nyingine. Kisha gunia lote likaanza kutikisika na kulia kama lina vifaranga. Siku arobaini za ujumbe zilikuwa zinaingia kwa mara moja. Mtu akapiga yowe. Mwingine akapiga kigelegele.

"Imefunguka!"

"Yangu imefunguka!"

"Mchwa wamefungua! Wamefungua!"

Askari mmoja akatoa ya kwake mfukoni, akaitazama, akasahau kazi. "Hata yangu!" akasema, akacheka kama mtoto. Watu wakavamia mikeka. Gunia likavutwa huku na huku, likachanika, simu zikamwagika, na wenyewe wakawa wanazijua kwa majina niliyoandika. Bujiku, pingu mikononi, alikuwa analia na kuimba.

"Si niliwaambia! Kundi linavunjwa hivi!"

Ngoma ikalia. Wale waliosema nisiwaharibie walinishika mabega wakinirukisha. Afande hakuuliza tena ipi. Askari wa kike aliniachia.

Nikakimbia.

Umati ulikuwa unacheza. Jaribu kupita katikati ya watu elfu wanaocheza. Napasua hapa, panafunga pale. Donatus alikuwa hatua kumi na tano kutoka kwangu, amelipa jua mgongo, ameinama juu ya kioo kukikinga na mwanga.

Ilifungukia pale pale ilipofungwa. Juu ya ngoma, juu ya vigelegele, nilimsikia kaka yangu. Sauti ndogo, ya ndani ya simu.

"Msimamizi, matimba ya chini yameoza. Njoo uone mwenyewe."

Hatua kumi. Nane. Nikanyoosha mkono.

Mikono miwili ikanikumbatia kwa mbele, kwa nguvu ambazo sikujua mwanamke mwembamba anazo.

"Dada! Dada, muone! Muone mwanangu!"

Serafina. Machozi yanamtiririka mpaka shingoni. Amenishika kiunoni kwa mkono mmoja, kwa mwingine ameweka simu mbele ya uso wangu kabisa. Mtoto wa miaka minne hivi, kaptura nyekundu, anakula hindi, amefumba jicho moja kwa sababu ya jua.

"Niachie, dada, niachie kidogo tu..."

"Muone kwanza! Hakuna mtu hapa anayemjua, wewe ndiye uliyeniandikia jina! Muone!"

Nilisukuma. Hakusukumika. Alikuwa ameegemea kwangu na uzito wake wote, anatetemeka mwili mzima, na nilijua nikimsukuma kweli kweli ataanguka na simu yake itakanyagwa na watu elfu.

Sauti ya Luka ikakatika. Nikachungulia juu ya bega la Serafina. Kioo kilikuwa kimenielekea, kimeandika swali moja fupi, Futa?, na chini yake majibu mawili. Donatus aliinua uso. Alinitazama bila hasira, kama mtu anayesubiri basi. Kidole gumba chake kilikuwa kimesimama juu ya kioo.

"Mzuri, eeh?" Serafina akaniuliza sikioni. "Sema, dada. Mwanangu si mzuri?"

"Mzuri," nikasema. "Mzuri sana, mama."

Na kidole cha Donatus kikaanza kuteremka.